Haidrojeni ni mzigo unaotuliwa, si chakula

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Makala yenu ya juzi kuhusu nishati safi ilisema bakteria wanaochachua sukari hutengeneza haidrojeni ili wapate nguvu. Nimekuwa fundi wa maabara miaka 31, nimeosha neli za kioo kuliko nilivyoosha vyombo vya nyumbani kwangu, na sentensi hiyo imenikera. Nguvu bakteria anakuwa ameshaipata. Haidrojeni ni kitu anachokitupa.

Molekuli moja ya glukosi, yaani sukari, hukatwa ikawa vipande viwili viitwavyo piruvati, na hapo bakteria hubakiwa na faida ya molekuli mbili za ATP, sarafu ya nishati ya kuendeshea kazi za seli. Tatizo ni elektroni zinazoachiliwa sukari inapovunjwa. Hupokewa na mbebaji aitwaye NAD, na wabebaji hao ni wachache. Wakishajaa wote kazi inasimama hata sukari iwe tele, kama wapagazi waliofika na mizigo kichwani na hakuna wa kuwatua. Kwetu sisi anayetua ni oksijeni. Bakteria aliyeikosa hujitafutia njia. Wanaogandisha maziwa hurudisha elektroni kwenye piruvati ileile, ikawa asidi ya laktiki, na wengi wao hawatoi gesi kabisa. Klostridia, bakteria wanaoishi pasipo oksijeni, wao wana kimeng'enya chenye chuma, haidrojenasi, jina lililotolewa na Stephenson na Stickland mwaka 1931. Kimeng'enya hiki hukutanisha elektroni mbili na protoni mbili, ikatoka molekuli moja ya haidrojeni, ikaenda zake.

Bakteria wa utumbo, E. coli, hupitia asidi ya fomiki, ambayo huigawa kuwa haidrojeni na kabonidioksaidi. Hili nimelishuhudia kwa macho. Tulikuwa na neli iliyopinda, mkono mmoja umezibwa, ndani mchuzi wa sukari. Jioni unapanda bakteria, asubuhi unakuta gesi imejikusanya juu kwenye ule mkono uliozibwa. Unajaza sodiamu haidroksaidi, unaziba mdomo kwa kidole gumba (glavu, tafadhali, mimi nilijifunza kwa kuungua), unainamisha neli huku na huku. Kabonidioksaidi inanyonywa, gesi inapungua karibu nusu. Iliyobaki unaihamishia mdomoni mwa neli na kuisogezea kiberiti. Pu! Vijana wapya walikuwa wanaruka kila mara.

Nikiri kwamba mwandishi wenu hakukosea moja kwa moja. Kutupa huko kunalipa. Elektroni zikiondoka kama gesi, bakteria hana haja ya kuiharibu piruvati kwa kuirundikia mizigo. Anaweza kuifikisha kwenye asidi ya asetiki na kuchuma ATP nyingine njiani, hata akafikisha nne kwa kila glukosi. Lakini hiyo ATP inatoka kwenye asidi, haitoki kwenye haidrojeni.

Makala iliruka jambo ambalo linawaumiza kichwa wenye mitambo ya kuvuna haidrojeni kwa bakteria. Elektroni zinazotoka piruvati inapovunjwa zaidi hugeuka gesi kwa urahisi. Zile zilizobebwa na NAD ni kaidi: zinakubali tu pale haidrojeni ilipo haba. Gesi ikirundikana, bakteria anahamia kwenye asidi ya butiriki, ile yenye harufu ya siagi iliyooza, na mavuno yanashuka. Hata mambo yakienda vizuri, glukosi moja haitoi zaidi ya haidrojeni nne, wakati kikemia, pamoja na maji, ingetosha kutoa kumi na mbili. Sehemu kubwa ya nishati inabaki kwenye asidi ndani ya tangi.

Wapo kweli vijidudu wanaokula haidrojeni, wale watengenezao methani, ila hao ni majirani tu, na kwa kuifyonza wanamrahisishia kazi mchachuaji.

Kwa hiyo naomba mchoro wenu urudiwe. Mshale wa haidrojeni mliuchora ukiingia kwa bakteria. Uchoreni ukitoka.

Fundi wa maabara mstaafu