Na wewe utakimbia na nini?

Kapchorwa, Januari

Somo yangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Sote hatujambo, mama anakusalimu na anauliza kama huko Marekani unapata ugali wa kueleweka. Barua yako niliipata Ijumaa. Niliisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwenda polepole, maana pale ulipoandika kwamba unahisi timu ya riadha ya huko ilikuchukua kwa makosa palinichoma. Unasema kila Jumatano unaamka kabla simu haijalia, tumbo limekaza, ukiwaza ule ukumbi wa kukimbilia ndani, wenye njia ya mita 200, kona zilizoinuliwa upande mmoja, na wenzako wanaozipita kama wanateremka mlima. Na kwamba Jumatano iliyopita ulifika mlangoni, ukageuka, ukamwambia kocha una homa.

Sikulaumu hata kidogo. Ngoja nikueleze jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Unakumbuka zile mita 5,000 za mwaka juzi, niliporudi nikasema nimetegua kifundo? Sikutegua chochote. Nilipomaliza mzunguko wa tisa, ikiwa imebaki mitatu na nusu, niliingia kwenye nyasi nikaketi. Hakuna kilichouma. Kundi lilikuwa limeniacha mita thelathini hivi, roho ikaniambia wewe si wa hapa, nami nikaitii.

Nikakaa wiki tatu bila kutoka na wenzangu. Nyumba yetu unaijua ilivyo kando ya barabara. Saa kumi na moja kasorobo wanapita. Nilikuwa macho kila siku. Nawasikia kwa mbali wakipanda, kwanza kama mvua inayoanza kudondoka kwenye mabati, kisha mmoja mmoja: yule anayeburuta kisigino, yule anayekohoa, yule wa hatua fupi fupi. Nawahesabu gizani mpaka sauti ipotelee kwenye kona ya juu, ndipo napumua. Najiambia, kesho. Na kila alfajiri niliyoiacha iliifanya ya kesho yake kuwa nzito zaidi.

Kisha siku moja, mvua ya Mei imenyesha usiku kucha, miguu ikasimama mbele ya nyumba. Dirisha likagongwa. Alikuwa yule mdogo wetu wa darasa la saba. "Dada, kamba yangu imekatika. Unayo nyingine?"

Nikawasha tochi ya simu. Raba zangu zilikuwa chini ya kitanda, bado zina tope la siku niliyozivua, limekauka hata matundu ya kamba yamezibika. Nikachokonoa kwa kijiti, nikachomoa kamba ya kiatu cha kushoto, nikapiga magoti mlangoni nimfungie mwenyewe, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Alikuwa amenishika bega asianguke. Akaniuliza, "Na wewe utakimbia na nini?"

Hakuuliza kama nitakimbia. Mtoto yule kwake hilo halikuwa swali kabisa.

Nilikata kipande cha katani kwenye gunia la mahindi, nikafungia raba ya kushoto, nikatoka. Ile katani ilinichuna ngozi juu ya mguu na nilikuwa wa mwisho njia nzima. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi.

Tangu siku ile sibishani na moyo wangu nikiwa nimelala. Kitandani shaka ina maneno mengi, na mimi sina kitu cha kuijibu nacho kwa sababu sijafanya lolote bado. Kwa hiyo nafunga kamba ya kulia, nafunga ya kushoto, natoka, na ule ubishi tunaumalizia njiani baada ya dakika ishirini za kupasha mwili. Mara nyingi ukifika muda huo umekwisha wenyewe. Siku nyingine haujaisha, na siku hizo nakimbia nao hivyo hivyo.

Tena kumbuka ile Jumapili ya tarehe 26 Machi 2017, tulivyobanana kwenye kibanda cha video kutazama mbio za nyika za dunia kutoka Kololo, Kampala. Jacob Kiplimo wa Uganda alikuwa ameshachukua dhahabu ya vijana, watu wameanza kuimba. Halafu kwenye mbio za wakubwa Joshua Cheptegei wetu anaongoza peke yake, anaingia mzunguko wa mwisho, na miguu inamkatikia mbele ya Kampala nzima. Akamaliza wa 30. Wewe ulilia, mimi nilishindwa kutazama. Miaka miwili baadaye, kule Aarhus, Denmark, akawa bingwa wa mbio hizo hizo, na 2020 kule Monaco akakimbia mita 5,000 kwa 12:35.36, rekodi ya dunia. Yote hayo watu wanayasimulia. Mimi, somo, ninayoiwaza kila mara ni ile asubuhi ya kwanza baada ya Kololo, alipoketi kuvaa raba tena. Hiyo haikuonyeshwa na televisheni yoyote. Lakini lazima ilikuwepo, la sivyo Aarhus isingekuwepo.

Sasa, huo ukumbi wako. Sisi tuliokulia kwenye vumbi na tope tuliona mambo hayo kwenye skrini tu, kwa hiyo ugeni unaoupata kwenye zile kona ni ugeni tu, si hukumu juu yako. Halimah Nakaayi naye ni mtoto wa Uganda, na 2022 kule Belgrade alichukua shaba ya mita 800 kwenye mashindano ya dunia ya ndani. Mita 800 ukumbini ni mizunguko minne. Unaniambia kocha amekupangia mara sita mita 800: basi usilale ukihesabu mizunguko ishirini na minne, utaamka umeshachoka. Hesabu minne. Ikiisha, pumzika, kisha hesabu minne mingine.

Fika nusu saa kabla ya wenzako, uizunguke ile njia kwa kutembea, na kwenye kila kona usimame uukanyage ule mwinuko mpaka mguu uuzoee. Kona zote zinakata kushoto na ni kali, usishangae mguu mmoja ukichoka kuliko mwingine. Na kile kikohozi baada ya mazoezi ni hewa kavu ya ndani, hukohoza wengi wanaokimbia kasi humo. Mapafu yako yako salama, ni yale yale yaliyonipita kila siku kwenye kile kilima cha Sipi.

Mwambie pia kocha ukweli kuhusu ile homa. Mimi uongo wa kifundo niliubeba miaka miwili na ulikuwa mzigo kuliko mbio zenyewe.

Jumatano ukiingia ukumbini saa kumi na mbili alfajiri, huku itakuwa saa nane mchana. Nitakuwa shambani na mama tukisafisha mabua. Nitaacha jembe kidogo nikuwaze ukifunga kamba. Uniandikie jioni yake, hata kama uliishia marudio ya tatu, na uniambie kona ya kwanza ilikuwaje.

Wako,
somo yako