Dar mpaka Mwanza ni masaa mangapi? Tuambieni ukweli

Mhariri, salamu. Naandika kuhusu hizi kilomita ambazo kila mtu anazitaja, gazetini, kwenye simu, kwa wakata tiketi, ila ukiuliza utafika saa ngapi kila mtu ana jibu lake.

Tulikuwa tunaenda Sengerema kupeleka posa ya mpwa wangu. Dogo akaingia kwenye simu akaona Dar mpaka Mwanza ni kilomita 850 hivi, akagawa kwa mwendo wa basi wa 80, akapata masaa kumi na kitu, basi wakwe wakaambiwa saa kumi na nusu jioni tuko Usagara, pale njia panda ya kwenda Sengerema kabla ya kuingia Mwanza, njooni mtupokee. Kumbe ile 850 ni ya ndege, imepigwa mstari ulionyooka juu ya pori! Barabara inakwenda Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga, inafika kama 1,150. Na hiyo 80 ni mwisho wa spidi jamani, sio kwamba basi linatembea 80 muda wote, vijijini ni 50, kuna mizani, kuna kuchimba dawa, kuna kula, na pale mlima Sekenke ukikuta malori yamejipanga mbele yako unatulia tu.

Tumetoka stendi ya Mbezi saa 12 asubuhi (mimi naishi Mbagala kwahiyo nimetoka nyumbani saa 9 usiku, hayo masaa nayo nani anayahesabu?), Dodoma saa 8 mchana, Usagara saa 5 na nusu usiku. Noah iliyotumwa na wakwe imekaa pale masaa saba, dereva kanuna, chakula kimepoa, na wazee wakatupiga faini ya mbuzi kabla hata hatujafungua mdomo kusema tumefuata nini.

Afadhali kutoka hapo tulipita daraja la Kigongo-Busisi juu ya Ziwa Victoria, kilomita 3 tu, dakika chache mko ng'ambo. Kabla halijafunguliwa Juni 2025 ilikuwa ni kivuko na foleni, ukikosa zamu unakaa masaa. Ziwa halijasogea hata hatua moja ila safari imekuwa nyingine kabisa. Na Dodoma hivyohivyo, tangu 2024 mtu akipanda treni ya umeme ya SGR anatoka Dar anafika kwa masaa kama matatu na nusu, sisi kwenye basi ilikuwa masaa manane, na mji ni uleule. Sasa ukiniambia Dodoma ni kilomita 450 unakuwa umenisaidia nini mimi ninayetaka kujua nimwambie mtu anisubiri saa ngapi?

Ombi langu ni dogo. Mkiandika habari za safari wekeni na masaa, museme ni ya basi, treni au ndege, na wenye mabasi nao waandike kwenye tiketi saa ya kufika, wakadirie tu, hata wakikosea saa moja hatutawafunga. Tiketi yangu ilikuwa na saa ya kuripoti kwa herufi kubwa, saa ya kufika hakuna, na nilipomuuliza konda akanijibu "mzee tutafika tu".

Mbuzi tumelipa. Posa imekubaliwa, harusi ni huko huko Sengerema, na safari hii nimewaambia tunaondoka siku mbili kabla.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam