Kuhusu yale matairi ya matope

Swahiba wangu,

Salamu, na unisamehe kwa kuchelewa kujibu. Picha uliyonitumia ya yale matairi ya matope unayotaka kuifungia pikapu yako nimeiangalia mara mbili. Matairi mazuri, sikatai. Lakini hebu niambie ukweli: katika kila kilomita 10 za pikapu yako, ngapi ni za tope? Wewe mwenyewe ulisema saba au nane ni lami. Sasa meno makubwa vile ya kazi gani?

Mimi nilishayanunua. Wiki ya kwanza nilitamba. Mwezi wa tatu redio nikawa naizima, maana matairi yalikuwa yanavuma kama nyuki ndani ya debe. Siku moja ya mvua nilikanyaga breki kwenye lami, gari likaendelea na safari yake. Meno yale yana mapengo mapana, kwa hiyo mpira unaogusa lami ni mchache. Baadaye nilipitisha kiganja juu ya tairi: kwenda laini, kurudi msumeno. Kila jino limelika upande mmoja.

Chukua ya mchanganyiko, ya lami na njia mbovu, yenye alama ya A/T. Kwenye tope zito hayafui dafu mbele ya M/T, yaani hayo ya matope, hilo nakubali mapema. Ila vumbi, kokoto, mchanga na tope la kawaida yanapita, na kwenye lami yanatulia.

Ukishachagua hayo, inama usome ubavuni, maana wewe unabeba mzigo. Tafuta LT, alama ya matairi ya magari madogo ya mzigo, mwanzoni mwa saizi. Ukikuta namba za uzito kama 121/118, ujue tairi moja, likiwa limejazwa upepo wake wote, linabeba kilo 1,450. Hiyo 118 ni kwa magari yenye matairi mawili mawili nyuma. La kawaida lenye 112 linaishia kilo 1,120. Muulize muuzaji na unene wa ubavu pia. Pancha ya msumari fundi anaiziba ukaendelea na safari, lakini jiwe likichana ubavu, tairi hilo limekufa.

Halafu tarehe. Mwisho wa maandishi ya ubavuni yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kuna muuzaji aliwahi kuniuzia tairi "jipya" lenye vinywele vyake vyote vya mpira, vile vya tairi lisilotumika, kumbe lina miaka sita stoo. Mimi nilikuwa nimeangalia vinywele tu!

Saizi usiipandishe kwa ajili ya sura. Ukitoka 265/70R16 kwenda 265/75R16, tairi linarefuka kama milimita 26. Mshale wa spidi ukisema 100, wewe uko 103, na ukikata kona kali huenda likakwaruza fenda. Tena nunua matano, si manne. Spea ndogo kuliko wenzake, ukiwa umeingiza fowili, magurudumu yote manne yakisukuma, kwenye lami kavu, itakuumizia difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu.

Na geji ya kupimia upepo pamoja na pampu ndogo ziwe ndani ya gari. Mchangani utapunguza upepo ili tairi lilale na kutandaa, lakini ukirudi lami ujaze kabla hujakimbia. Tairi lenye upepo mdogo likienda kasi linachemka hadi kupasuka.

Ukifika dukani, piga picha ya ubavu unitumie. Mkono usiingie mfukoni kabla sijajibu.

Wako,
Swahiba yule yule wa nyuki kwenye debe