Alhamisi: Paulo na Yakobo

Wapendwa, Bwana asifiwe. Jana mliwasha moto kweli kuhusu swali hili: je, mtu huhesabiwa haki (hukubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki) kwa imani peke yake, au na matendo pia? Nimeamka nimekuta ujumbe 87. Nimefuta miwili tu, ile iliyomwita mwenzetu Farisayo. Tafadhali isirudiwe.

Kabla ya kikao, kila mmoja asome Warumi 4 kisha Yakobo 2, kwa mfululizo, bila kuruka. Angalieni: wote wawili wanamshika Abrahamu yuleyule na kunukuu mstari uleule, Mwanzo 15:6: Abrahamu alimwamini Mungu, akahesabiwa haki. Paulo anasimama hapo, Abrahamu akiwa bado hajatahiriwa. Yakobo anasonga hadi madhabahuni, Isaka akiwa juu ya kuni. Kwa maoni yangu hawagombani. Paulo anamjibu anayetaka kujihesabia haki. Yakobo anamkemea anayemwambia mwenye njaa "nenda ukashibe" na mikono mitupu. Ila nisiwamalizie uhondo.

Aliyeuliza kama Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kijerumani, aliongeza neno kwenye Biblia: ni kweli, katika tafsiri yake ya Kijerumani ya 1522 aliongeza neno "pekee" kwenye Warumi 3:28, isomeke "kwa imani pekee". Kwenye Kigiriki halimo. Alijitetea kwamba Kijerumani ndivyo kinavyosema.

Na ile hoja kwamba Wakatoliki hufundisha kununua wokovu kwa matendo, tuiache. Mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki), mwaka 1547, ulikana waziwazi kwamba mtu aweza kuhesabiwa haki kwa matendo yake bila neema. Mwaka 1999 Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu jambo hili.

Wapenzi wa Waefeso 2:8-9 ("kwa neema, si kwa matendo"), mstari wa 10 nao upo: tuliumbwa tutende matendo mema.

Sauti zinazozidi dakika mbili sitazisikiliza.