Barua ya Kufunga Muhula: Bustani na Jiko katika Likizo ya Majira ya Joto

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam. Tunafunga muhula salama, na ripoti ya mwanao imo kwenye bahasha hii. Isomeni pamoja naye mkiwa mmeketi, na mwenye swali aje ofisini wiki hii kabla walimu hawajatawanyika.

Nimeshika kalamu hasa kwa ajili ya jambo moja: mpango wa kilimo cha bustani na mapishi kwa wanafunzi wenye umri wa miaka 13 hadi 17. Utaendeshwa hapa shuleni kwa wiki 6 za likizo, asubuhi, siku 3 kwa wiki.

Watoto wetu wamekulia ghorofani na kwenye lami. Wapo wanaoweza kukuchorea mzunguko wa nitrojeni bila kufungua daftari, lakini hawajawahi kung'oa mharagwe wakaona vinundu vilivyojishika kwenye mizizi yake, ambamo bakteria huinasa nitrojeni ya hewani na kuilisha mmea. Nataka wavipasue kwa kucha. Kinundu chenye rangi ya waridi ndani kinafanya kazi, na mtoto aliyekiona kwa macho yake sitamwuliza tena swali hilo kwenye mtihani.

Tumeyapanga majuma yetu kwa kufuata mimea. Figili hukomaa kwa siku 25 hadi 30 hivi, kwa hiyo zitapandwa siku ya kwanza na kuliwa kabla mpango haujaisha. Karoti huhitaji zaidi ya miezi miwili. Tutazipanda hivyo hivyo, na tutazing'oa shule ikishafunguliwa. Nyanya haziwezi kuanzia kwenye mbegu zikatuwahi, ndiyo maana wanafunzi walisia mbegu kwenye vikasha dirishani tangu katikati ya muhula. Miche ya kwanza ilikufa karibu yote. Kila aliyepita aliihurumia akaimwagia maji, udongo ukajaa maji, mizizi ikakosa hewa ikaoza. Walihuzunika kweli. Awamu ya pili waliweka zamu, na kabla ya kumwagilia kila mmoja huchomeka kidole udongoni kuona kama chini kumekauka. Miche hiyo sasa ina afya, na mimi hupita kuitazama kila asubuhi kabla ya kufungua ofisi.

Mzazi mmoja ameniuliza kuhusu usalama wa udongo wa mjini, na swali lake ni la maana. Udongo wa mijini huweza kuwa na risasi, madini yenye sumu yaliyoachwa na rangi za zamani za nyumba na petroli ya miaka iliyopita. Hatutalima kwenye ardhi ya uwanja. Tunatumia matuta yaliyoinuliwa ndani ya makasha, kwa udongo safi ulioletwa na mboji, na kila mtoto atanawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Jikoni tutaanza na kisu. Kisu butu ni hatari kuliko kikali, kwa sababu huteleza na humlazimisha mtu kukandamiza. Watajifunza kukinoa, na kukunja ncha za vidole vya mkono ulioshika kitunguu. Watajifunza pia kwamba maharagwe mekundu makavu hulowekwa usiku kucha, maji yake yakamwagwa, kisha yakachemka kwelikweli kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto, maana yakiiva nusu yana sumu inayotapisha. Na chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa 2 bila kuwekwa kwenye friji. Haya ni mambo ya kuwafaa hata siku watakapoishi peke yao.

Sasa ombi langu, na naomba mlichukue kwa uzito. Mtoto akirudi nyumbani, mpeni jiko walau mara moja kwa juma, awe wa kike au wa kiume. Atachelewesha chakula, atazidisha chumvi, ataacha sufuria chafu. Najua mnarudi mmechoka na ni rahisi kumwambia atoke, upike mwenyewe yaishe. Tafadhali vumilieni. Asubuhi tatu za shuleni hazitamfanya mpishi ikiwa kwao haruhusiwi kuwasha moto. Msichana asiachiwe vyombo vyote huku kaka yake akisifiwa kwa kukoroga mchuzi. Aliyepika aoshe, na tutafanya hivyo hivyo huku.

Kila mwanafunzi aje na viatu vilivyofunika vidole, kofia na chupa ya maji. Kwenye fomu ya ridhaa, andikeni bila kuficha mzio wowote alio nao, hasa wa karanga, mayai, maziwa au nyuki, na kama amekamilisha chanjo ya pepopunda, kwa kuwa atashika udongo na mbolea. Fomu zirudishwe kwa mwalimu wa darasa kabla ya siku ya mwisho ya shule. Bila fomu iliyosainiwa sitampokea, hata akija na machozi.

Siku ya kufunga mpango watapika wenyewe mlo wa mchana kwa walichovuna, nanyi mtakuwa wageni wao. Andikeni kwenye fomu hiyo hiyo mtakuja wangapi, ili wajue wapike kiasi gani.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule