Barua ya wazi kwa Gavana wa Kaunti ya Lamu: zege na vigae visikatwe vikavu

Mheshimiwa Gavana,

Assalaam aleikum. Tunaomba kila kibali cha ujenzi kiongezwe sharti moja: zege, vigae na itale (mawe ya graniti) visikatwe vikavu.

Jiwe la matumbawe lililojenga mtaa wa Mkomani ni chokaa, lina kidogo tu ya silika, yaani madini magumu ya mchanga. Balaa limo kwenye mchanga, zege, vigae na itale. Vumbi la silika tumezoea kulihusisha na mapafu tu, kumbe na viungo vimo. Mwaka 1953 daktari Anthony Caplan alieleza vinundu vya pekee kwenye mapafu ya wachimba makaa wa Wales waliokuwa na baridi yabisi, ugonjwa wa kuvimba viungo. Baadaye watafiti wa Uswidi walikuta wanaume waliofanya kazi kwenye vumbi la silika wanaugua baridi yabisi zaidi ya wenzao, na kwa mvuta sigara hatari hupanda mara kadhaa. Chembe zikifika ndani kabisa ya pafu, seli za kinga huzimeza zisiweze kuzisaga. Uvimbe haupoi, na kinga huishia kuushambulia mwili wenyewe.

Dawa ya vumbi ni maji. Msumeno wa zege wenye bomba la maji unahitaji angalau nusu lita kwa dakika, kwa hiyo mtungi wa lita 20 unatosha dakika 40. Lakini asiambiwe mtu amwagie maji grinda ya kawaida ya umeme. Atakufa kwa shoti kabla ya vumbi. Vigae vikatwe kwa mashine ya mkono, ya kuchora na kuvunja. Tope lizolewe lingali bichi, maana likikauka ni vumbi lilelile, na fagio la chelewa hulirusha upya kichochoro kizima.

Kikoi kilichofungwa puani hakisaidii: vumbi unaloliona kwenye mwanga wa dirisha silo linalofika ndani. Barakoa iwe N95, ile ya kuchuja vumbi laini, au zaidi, ibane uso. Juu ya ndevu haibani, na hapa kwetu wenye ndevu ni wengi, basi maji yatangulie. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Fundi asikatwe ujira wake kuvilipia.

Zahanati nazo ziagizwe: akija mtu vidole vya mikono yote miwili vimevimba, na asubuhi vinakaza kwa saa nzima, aulizwe anafanya kazi gani, jibu liandikwe kwenye kadi, na apelekwe kupimwa damu.

Wako,
Sisi wa usalama kazini, Lamu