Salamu za Pasaka kutoka Moshi: saa sita ya Mbuyuni

Tumsifu Yesu Kristo!

Wapendwa wanajumuiya, ndugu, jamaa na marafiki mliotawanyika kuanzia Tarakea hadi Dar es Salaam, Kristo amefufuka, aleluya! Kwa niaba ya familia yangu, na kama katibu wa jumuiya ambaye kila mwaka hukumbushwa na mwenyekiti kwamba salamu zimechelewa, nawatakia Pasaka njema yenye amani, upendo na baraka tele.

Mwaka umekuwa mgumu, hilo halina ubishi. Nauli, sukari, mafuta ya kula. Hata mkungu wa ndizi mchare, sisi wana wa migombani, siku hizi tunaupapasa sokoni kisha tunauacha. Tumefika hapo.

Lililo moyoni mwangu ni la mama. Wengi wenu mlimzika pamoja nasi wiki ya pili ya Kwaresima; Mungu awalipe, maana sisi hatuwezi. Hii ni Pasaka yetu ya kwanza bila yeye.

Mama aliuza ndizi katika soko la Mbuyuni, hapa Moshi, zaidi ya miaka thelathini. Ikifika saa sita mchana, awe anapanga mikungu au anabishania bei, aliweka kisu chini, akasimama na kufanya ishara ya msalaba. "Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria." Ndiyo sala yetu Wakatoliki ya saa sita. Kwa sauti, na mteja angoje. Jirani yake wa dagaa, mama wa Kiislamu, ndiye aliyewatuliza watu: "Mwacheni amalize na Mungu wake." Naye akienda kuswali adhuhuri, mama alimwangalizia meza. Mimi, kidato cha pili, nilikuwa najificha nyuma ya mikungu wenzangu wa shule wasinione.

Mnakumbuka Jumapili ile ya 5 Mei 2013, bomu lilipolipuka Olasiti, Arusha, siku ya kuzinduliwa kwa parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Watu watatu walikufa, wengi wakaumia, na kosa lao lilikuwa kwenda Misa. Nilimpigia mama nikamsihi kesho yake asali kimya kimya. Akasema sawa. Jumatatu saa sita akasimama vilevile, na kwa kuwa kilikuwa kipindi cha Pasaka, badala ya Malaika wa Bwana akaimba: "Malkia wa mbingu, furahi, aleluya!" Mama wa dagaa ndiye aliyenisimulia, akicheka.

Sasa niungame. Jumatano ya Majivu mwaka huu nilipakwa majivu ya toba kwenye paji la uso Misa ya asubuhi. Kabla ya kuingia kwenye kikao ofisini nikapitia bombani nikayafuta. Hakuna aliyenilazimisha. Jioni mama, tayari yuko kitandani, aliniangalia usoni akauliza, "Leo hukwenda kanisani?" Nikasema nilikwenda. Hakuongeza neno. Siku kumi baadaye akatutoka, na paji hili la uso linaniwasha mpaka leo.

Ndugu zangu, hapa kwetu Ukatoliki ni rahisi mno. Tangu mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni Kilema, hapa Kilimanjaro, mwanzoni mwa miaka ya 1890, mlima mzima umejaa kengele. Ijumaa Kuu tunaziba barabara na Njia ya Msalaba, daladala zinasimama, nasi tunajiona mashahidi. Jumanne inayofuata yule aliyebeba msalaba anamjazia mkulima lumbesa ya vitunguu, gunia lililopita kipimo! Rozari inaning'inia kwenye kioo cha gari, dereva anamtukana bibi aliyechelewa kushuka! Kitenge cha WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, kimepigwa pasi, msichana wa kazi hajalipwa miezi miwili! Tunamshuhudia nani? Vijana, msione haya kufanya ishara ya msalaba mbele ya sahani ya chipsi. Akina baba, jumuiya si ya wanawake peke yao. Toeni viti nje, salini majirani wasikie. Na ukishasikika, basi lipa deni la watu, maana watakuwa wanakuangalia.

Narudia kuwatakia heri na fanaka za Ufufuko, wagonjwa wapate nafuu, walio safarini wafike salama.

Meza ya mama sasa anauza mdogo wangu. Jumatatu ya Pasaka saa sita nitakuwa pale, mbele ya mikungu, na mama wa dagaa ameahidi kuwatuliza wateja. Anayetaka aje. Masika imeshaharibu njia, vaeni mabuti.